Madaftari Mawili ya Siku Moja

Asiyejua asili ya neno kibarua hudhani kuwa ni jina la unyonge tu, la mtu mwenye karai begani atafutaye riziki yake kutwa kwa kutwa. Walakini neno lenyewe ni barua ndogo, na mtu amelirithi kutoka katika cheti alichokuwa akikishika mkononi. Katika Unguja ya karne ya 19, aliyeajiriwa kwa siku, awe muungwana au awe mtumwa ambaye bwana wake alimpa ruhusa ya kutafuta ujira ili wagawane, alipewa kikaratasi kwa kila siku aliyofanya kazi, na siku ya malipo ilipofika alivirudisha vikaratasi vyake vyote akahesabiwa fedha kwa idadi yao. Kamusi za kale zinaithibitisha desturi hiyo, nami sijaona ushahidi ulio mwepesi kubeba kuliko ule, wala uliokuwa karibu zaidi na kazi yenyewe, kwa kuwa mtoa cheti na mtazama kazi aghalabu walikuwa mtu mmoja.

Mashambani palikuwa na vipimo vingine. Mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi, na maadamu pishi zake zimejaa hapakuwa na mtu wa kumwuliza alipanda mkarafuuni saa ngapi. Mlimaji alipimiwa ngwe, yaani sehemu ya ardhi iliyokatwa kwa kamba, naye alipoimaliza alikwenda zake hata kama jua lilikuwa bado utosini. Na mkata boriti wa Lamu alizihesabu boriti zake kwa korja, ishirini ishirini, bila ya kujali zilimgharimu maji kupwa mangapi katika mikoko. Siyataji haya kwa kuyatamani yarudi, kwa sababu kamba ya kupimia ngwe ilishikwa na mwenye shamba, na kamba hurefuka katika mkono wa mtu asiyelima. Nayataja kwa kuwa yanabainisha jambo ambalo tumelisahau tangu tulipoingia katika majengo yenye milango ya vioo: kwamba siku ni kitu kimoja, na kazi iliyofanywa katika siku ile ni kitu cha pili, na mwenye kutaka kujua habari za mradi wake hana budi kuviuliza vyote viwili, tena pamoja.

Leo katika ofisi zetu siku moja ya mfanyakazi huandikwa katika madaftari mawili yasiyojuana. La kwanza hukaa mlangoni: ni daftari la mahudhurio, ambalo saa ya kuripoti ikipita hupigwa mstari mwekundu ili wachelewao waandike majina yao chini yake kwa haya, au ni mashine inayosoma alama za vidole, ambayo haina haya wala huruma. La pili hukaa katika kompyuta ya msimamizi wa mradi, nalo ni taarifa ya maendeleo, yenye majina ya kazi upande mmoja na asilimia upande wa pili. La mlangoni huenda kwa afisa utumishi na mhasibu, likazaa mshahara. La pili huenda kwa mkurugenzi na mfadhili, likazaa sifa au lawama. Ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbalimbali, nao wakikutana njiani mwisho wa mwaka, siku ya ukaguzi, hawafanani hata pua.

Mimi niliujua msiba huo kabla sijawa na ndevu. Nilikuwa karani wa vibarua katika ujenzi wa ghala moja, katika mji mmoja wa pwani, chini ya mkandarasi ambaye sitamtaja, na kazi yangu ilikuwa kushika daftari tulilolizoea kwa jina la masta roli. Saa 1 asubuhi niliita majina, kila aliyeitika nikamtilia kistari. Saa 9 alasiri niliyaita tena, ili aliyetoroka adhuhuri asile kistari cha bure. (Mhasibu mmoja mgeni aliyepata kulisoma daftari lile aliandikia makao makuu kuuliza kwa nini watu wetu huanza kazi saa 1 ya usiku wa manane, na kwa kuwa kutoka 1 hadi 9 ni saa 8 kwa hesabu yake na kwa hesabu yetu, malipo hayakuharibika, iliyoharibika ni heshima yetu ya watu wanaolala usiku.) Nilijiona hodari. Majina 40, siku 26, vistari vimenyooka kama safu ya minazi, hapana kufuta wala kuongeza.

Mwisho wa mwezi bwana mkubwa akaja, akaushika ukuta kwa mkono, akaona hauzidi kiuno chake, akalifungua daftari langu juu ya rundo la matofali.

“Karani,” akasema, “watu arobaini, siku ishirini na sita, na ukuta ndio huu. Ama unaandika majina ya mizimu, ama watu hawa huja hapa kulala.”

Sikuwa na jibu, kwa kuwa kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Alipoondoka, fundi mkuu, mzee aliyejenga nyumba za mawe na chokaa kabla saruji haijawa jambo la kawaida, aliniita kivulini.

“Mwanangu,” akaniambia, “daftari lako halina uongo, lina upungufu. Siku saba hapakuwa na saruji, watu wakakaa wanapiga soga, uliandika wapi? Siku nne ilinyesha mvua tukafunika zege kwa maturubai, uliandika wapi? Na zile siku tatu ambazo watu kumi walikwenda kusawazisha njia ya nyumbani kwa huyu huyu bwana mkubwa, mzee mwenzangu, ziko wapi?”

“Zote zina vistari, mzee.”

“Ndiyo. Zote zina vistari.”

Tangu siku ile niliacha kuamini kuwa masta roli ni historia ya kazi. Ni historia ya miguu tu: inasema miguu ya fulani ilifika na miguu ya fulani ilirudi. Wala taarifa ya ukuta peke yake si historia, maana husema umefika kiunoni bila ya kusema ulitumia nini kufika. Elimu yote imo katika pengo baina ya habari hizi mbili, na pengo hilo ni swali kabla ya kuwa shtaka. Bwana mkubwa aliliona pengo akaharakisha kulijaza kwa uvivu wa watu, ilhali kujaza kwenyewe kulitaka saruji.

Wako waliopata kuyaunganisha madaftari haya kwa nguvu, na inafaa tujue walivyofanya ili tusiige. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alishika kadi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30, na ujira wake ulingoja nafasi zote zitiwe alama. Siku haikuwa siku kwa kuchomoza jua na kuchwa. Ilikuwa siku kwa kumaliza kazi iliyopimwa, mathalan idadi ya matita ya majani ya mkonge yaliyokatwa, yakahesabiwa, yakapangwa kando ya reli ndogo ya shambani. Asiyetimiza idadi hakutiwa alama, na jasho lake la siku ile likaenda na upepo. Kwa hiyo mtu aliweza kukaa shambani siku nyingi kuliko 30, na kadi yake ikamwambia kuwa bado hajafikisha mwezi. Kwa hesabu ya karani ulikuwa ni utaratibu mzuri ajabu, muda na kazi vimefungwa katika alama moja; kwa insafu ulikuwa ni kuinyang'anya saa haki yake, kwa sababu mvua ikinyesha au shamba likiwa na magugu kupita kiasi, hasara ilimwangukia aliyekuwa hana amri juu ya mvua wala magugu.

Kenya nayo ilikuwa na kipande chake, chenye jina hilo hilo na tabia nyingine: cheti cha kujiandikisha kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chenye alama za vidole na habari za waajiri wa mtu, kilichobebwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati; na chuki iliyozaliwa na kijaluba kile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya mwanasiasa Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, asikilizwe na umati katika miaka ya 1921 na 1922. Anayestaajabu kwa nini wafanyakazi wa leo huitazama kwa jicho la shaka kila mashine mpya ya kuandika saa, na akumbuke kwamba vidole vya babu zao viliandikwa kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, kama wasemavyo vijana wengi wa fani ya kompyuta, kwamba saa zitupwe na mtu apimwe kwa kazi tupu. Saa ni haki ya mtenda kazi kabla haijawa kipimo cha mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, ikaamuru saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, nazo zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Sasa ikiwa hapana daftari la saa, mtu atadai kwa ithibati gani kuwa alikaa mpaka magharibi? Daftari la saa lina mdai wake, naye ni mtu. Daftari la hatua lina mdai wake, nao ni mradi. Yataka yakae jirani, yasomane, lisimezwe moja na lingine.

Mwenye kuvumbua saa ya kiwandani, Willard Bundy, sonara wa Auburn katika jimbo la New York, aliyetengeneza mashine yake mwaka 1888, hakushughulika na ujirani huo. Mashine yake ilipiga chapa ya wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, ikanyamaza, na biashara iliyoanzishwa juu yake ikawa baadaye miongoni mwa mizizi ya IBM. Aliyeutafuta ujirani ni Henry Gantt, mhandisi wa Marekani, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alichora chati za kazi za silaha na merikebu. Watu wengi leo huijua chati ya Gantt kama ngazi ya mistari ya rangi inayopamba ukuta wa ofisi ya mradi, na hapo huwa wameipoteza nusu yake. Katika chati zake mwenyewe nafasi moja ilisimama kwa vitu viwili: muda, na kiasi cha kazi kilichotazamiwa kufanyika katika muda huo. Mstari mwembamba ndani ya nafasi ya siku ulionyesha kilichofanyika siku ile kwa kulinganishwa na kilichotazamiwa, na mstari mzito ulijumlisha tangu mwanzo. Jicho moja likaona saa na ukuta kwa pamoja.

Tena kulikuwa na jambo ambalo nilipolisoma, miaka mingi baada ya lile ghala, lilinifanya nimkumbuke fundi wangu. Wallace Clark, aliyefanya kazi pamoja na Gantt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1922 alionyesha kwamba mstari wa siku ukipungua hutiwa herufi ya sababu: moja kwa mtu asiyekuwapo, moja kwa ukosefu wa vifaa, moja kwa zana mbovu, moja kwa mashine iliyo matengenezoni, moja kwa mtenda kazi ambaye bado ni mgeni wa kazi ile. Herufi ya mtu mzito wa mikono ilikuwapo pia, lakini ilikuwa moja kati ya nyingi, na nyingi katika hizo zilimwelekea msimamizi kuliko msimamiwa. Programu nyingi za leo zimeurithi mstari zikaiacha herufi.

Kwa hesabu, mambo ni rahisi kuliko yanavyotishwa. Chukua kuta za mita za mraba 400 zilizokadiriwa kwa siku-kazi 200, yaani mita 2 kwa kila mtu kwa siku. Baada ya wiki mbili masta roli inasema siku-kazi 100 zimetumika; mpimaji anasema mita 120 zimesimama. Mita 120, kwa makadirio yetu, ni thamani ya siku-kazi 60. Basi tumetoa 100 tukachuma 60. Na ikiwa mpango ulitaka wakati huo tuwe tumechuma 80, tuko nyuma ya mpango kwa 20. Mwendo ukibaki huu, mita 280 zilizosalia zitataka siku-kazi 233, na jumla itakuwa 333 mahali pa 200. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliufanya mlinganisho wa namna hii kuwa sharti kwa wakandarasi wake wakubwa mwaka 1967, nao hadi sasa hufundishwa kwa jina linaloweza kufasiriwa thamani iliyochumwa. Zingatia kwamba hakuna daftari moja kati ya yale mawili ambalo lingeweza kutoa nambari ya 60 peke yake.

Taabu haipo katika kugawanya na kujumlisha. Ipo katika majina. Mlangoni mtu huandikwa “yuko kazini”; katika taarifa ya mradi kazi huitwa “uimarishaji wa uwezo wa wadau, awamu ya pili”. Nani atayaoanisha hayo? Hapana budi jina la kazi analoliandika mtu pembeni ya saa zake liwe ndilo hilo hilo lililomo katika mpango, na kazi yenyewe ikatwe ndogo kiasi cha kumalizika katika siku chache, ili isiwezekane kukaa ndani yake miezi mitatu kama katika pango. Kazi kubwa isiyo na mwisho unaoonekana hupenda asilimia 90. Nimepata kuona taarifa ambayo shughuli moja ilifika asilimia 90 mwezi wa Machi ikabaki hapo mpaka Septemba, saa zikiendelea kuandikwa juu yake kila wiki, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mwandika saa hakusoma asilimia na mwandika asilimia hakusoma saa. Kwa kazi ya namna hiyo napendelea ngazi tatu tu: haijaanza, imeanza, imekwisha na kukubaliwa.

Na iandikwe siku ile ile. Katika asasi zinazoishi kwa fedha za wafadhili iko desturi ya kujaza karatasi ya saa siku ya mwisho wa mwezi, kwa kuifuata bajeti: aliyepangiwa nusu ya mshahara wake katika mradi wa maji huandika nusu ya saa zake katika maji, hata kama mwezi mzima alishinda katika mradi wa shule. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani husema wazi kwamba malipo ya mishahara yasimame juu ya kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli, na kwamba makadirio ya kabla ya kazi, peke yake, si ushahidi. Lakini kanuni haiwezi kumkumbusha mtu alifanya nini Jumanne ya wiki ya pili. Hapo karatasi ya saa huwa kioo cha bajeti, na mwenye kulinganisha kioo na sura iliyojitazama humo atapata ulinganifu kamili usiomfundisha kitu.

Serikali ya Tanzania nayo imepita katika njia hii. Utaratibu wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, uliwakutanisha mtumishi na msimamizi wake juu ya malengo ya mwaka. Katika miaka ya karibuni umeachwa kwa ajili ya mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambao mtumishi huingiza ndani yake majukumu yake na hatua alizofikia. Ni hatua ya mbele. Walakini ofisi ambayo daftari la mlangoni bado lina mstari mwekundu na mfumo una majukumu, bila ya mtu wa kuvisoma vyote viwili mezani pamoja, bado ina ndugu wale wawili wa nyumba mbalimbali.

Sisemi kwamba kila kazi hukubali kupimwa hivi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo mkubwa wa programu wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mwezi wa mtu ni kipimo cha hadaa, kwa sababu watu na miezi hubadilishana tu katika kazi inayogawanyika bila ya watenda kuhitaji kushauriana, kama vile kuvuna ngano au kuchuma pamba. Lau angefika Pemba angeongeza karafuu. Mwandishi wa programu, mtafiti, mchora ramani, huweza kukaa siku mbili bila ya mita hata moja ya ukuta, na siku ya tatu ikasimama nyumba. Kwa watu hao pengo baina ya saa na hatua lisomwe kwa mwezi, lisisomwe kwa siku.

Turudi ghalani. Kwa shauri la fundi nilipiga mstari mwingine katika masta roli, upande wa kulia, nikaandika juu yake neno moja: sababu. Kila alasiri, kabla ya kuita majina mara ya pili, fundi aliniambia mita za siku ile, nami nikaziandika. Na zikipungua, aliniambia kwa nini, nami nikaandika vivyo hivyo alivyosema, saruji hakuna, mvua, ngazi imevunjika. Siku za nyuma alizikumbuka zote, nikazijaza kwa wino wa rangi nyingine ili mtu asidhani kuwa niliziandika kwa wakati wake.

Mwezi uliofuata bwana mkubwa akaja, akalifungua daftari juu ya rundo lile lile la matofali, akasoma upande wa kulia kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kidole kilipofika siku ya 17 ya mwezi uliopita kikasimama. Akanitazama, akamtazama fundi ambaye alikuwa akisafisha mwiko wake kana kwamba hapana mtu, kisha akalifunga daftari taratibu, akauliza saruji ijayo itafika lini.

“Iko bandarini, bwana,” akasema fundi, “inangoja saini yako.”